Istilahi ya Karakana: Mchezo wa Mgeuko

Ukitaka kujua afya ya mashine ya CNC iliyoundwa kwa mikono, iamuru ikate duara kwenye kipande cha plaiwudi. Duara likitoka na sehemu nne bapa, juu, chini, kulia na kushoto, shuku kwanza kile ambacho Kiingereza hukiita backlash. Wengi karakanani hutamka baklashi na kuendelea na kazi. Hapa tunapendekeza istilahi mchezo wa mgeuko.

Mashine nyingi za kujiundia husogezwa na skrubu ndefu inayozungushwa na mota ya hatua. Nati iliyo juu ya skrubu hiyo huvuta daraja lililobeba ruta. Meno ya nati hayabani kabisa yale ya skrubu. Lazima ibaki nafasi kidogo, la sivyo vyuma vingekwama. Daraja likienda upande mmoja, nati huegemea upande mmoja wa meno na hakuna tatizo. Mota ikigeuza mwelekeo, skrubu huzunguka lakini daraja limetulia, mpaka meno yavuke ile nafasi na kugusa upande wa pili. Mzunguko huo wa bure ndio mchezo wa mgeuko. Katika duara moja kila mhimili hugeuza mwelekeo mara mbili, na mihimili ni miwili. Ndiyo maana dosari huwa nne.

Kompyuta haina habari. Programu kama GRBL huhesabu hatua ilizotuma kwa mota, haipimi umbali ambao daraja limekwenda. Chukua skrubu inayosogeza nati milimita 8 kwa kila mzunguko, na mota ya hatua 200 ambayo kila hatua yake imegawanywa mara 16. Hizo ni hatua ndogo 400 kwa milimita. Mchezo wa milimita 0.4 humeza hatua 160 kila daraja linapogeuka.

Kwa nini mchezo? Kwa sababu fundi wa gari na fundi wa baiskeli walikwisha kulimaliza suala hili: beringi inacheza, usukani unacheza. Neno kama “mrejeo” lingepotosha, maana tatizo lenyewe ni kwamba daraja linachelewa kurejea. Hata hivyo, mchezo peke yake ni neno pana. Ruta inayotikisika kwenye kishikio chake nayo inacheza. Mgeuko hutaja wakati ambapo kasoro hii hujitokeza, yaani mwelekeo unapobadilika.

Istilahi hii itenganishwe na jirani zake wawili. Wa kwanza ni upotevu wa hatua: mota imezidiwa nguvu na kuruka hatua. Kosa hilo hujilimbikiza, kazi ikazidi kuhama kadiri mashine inavyoendelea. Mchezo haujilimbikizi. Jirani wa pili ni ukosefu wa ulinganifu, yaani idadi ya hatua kwa milimita iliyoandikwa kwenye mipangilio si sahihi. Kosa hilo hukua na urefu wa kazi, lakini mchezo ni uleule kwenye milimita 50 na kwenye milimita 600.

Katika karakana ya pamoja, kuchanganya mchezo na ukosefu wa ulinganifu ni ghali. Mtu anakata mraba wa milimita 50, anapima kwa kalipa, anapata 49.6. Anaingia kwenye mipangilio, anapandisha hatua kutoka 400 hadi 403.2, na mraba wake unatoka sawasawa. Jioni anakuja mwingine na ubao wa milimita 600, nao unatoka na milimita 604.4. Wa kwanza alificha mchezo kwa kuharibu ulinganifu, na hasara ikamwangukia asiyehusika.

Kuupima mchezo si kazi kubwa. Egemeza geji yenye uso wa saa kwenye daraja, lisogeze mbele kidogo ili meno yagusane, weka mshale kwenye sifuri, kisha amuru lirudi milimita 1. Geji ikisoma 0.6, mchezo ni 0.4.

Kisha liulizwe swali ambalo neno lenyewe linalileta: inacheza wapi? Acha mota zikiwa na umeme, zima ruta, sukuma daraja kwa mkono huku ukitazama skrubu. Daraja likisogea na skrubu ikatulia, nati imelika au imelegea kwenye daraja. Skrubu nzima ikienda mbele na nyuma, tatizo liko kwenye beringi za mwisho. Ikizunguka huku mhimili wa mota umetulia, kaza skrubu ndogo za kiungo kinachounganisha skrubu hiyo na mota.

Nati iliyolika hubadilishwa kwa nati pacha zenye springi katikati, ambazo huegemea pande zote mbili za meno kwa wakati mmoja. Programu ya LinuxCNC ina nafasi ya kuandika kiasi cha mchezo ili mota iongeze hatua inapogeuka. GRBL ya kawaida haina. Hata penye fidia hiyo, nafasi kati ya meno bado ipo, na biti inayokata kwa kujivuta mbele inaweza kulivuta daraja ndani yake. Kwa hiyo kaza chuma kwanza. Mipangilio ya hatua iguswe mchezo ukishaondolewa, na namba mpya iandikwe kwenye daftari la mashine ili anayefuata ajue.