Kukoboa: Historia Fupi ya Mkorogo

Lugha husema kweli hata pale wenye lugha wanapoikimbia. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, toka Mwananyamala na Tandale upande wa Kinondoni hadi Tandika na Mbagala upande wa Temeke, mwanamke anayejipaka dawa ya kuifanya ngozi nyeupe husemwa kuwa anajichubua, au anajikoboa. Kuchubua ni kutoa ngozi ya juu, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Kukoboa ni kazi ya mashineni: punje huvuliwa ganda na kiini, ikatoka sembe nyeupe ya kupendeza macho, na nguvu ya mahindi ikabaki kwenye pumba. Dawa yenyewe imeitwa mkorogo kwa kuwa hukorogwa: krimu hii na ile, sabuni, na pengine hata sabuni ya unga au dawa ya kung'arishia nguo. Waliotunga majina hayo hawakuhitaji maabara.

Haitakuwa haki kudai kwamba mapenzi ya weupe yaliletwa na picha peke yake. Pwani yetu ilikwisha kuzoea kuisoma rangi ya mtu pamoja na nasaba yake na uungwana wake, na ukoloni ukaja kuongeza daraja: Mzungu juu, Mwasia na Mwarabu katikati, Mwafrika chini. Sisi washairi nasi tuna sehemu yetu. Tumesifu maji ya kunde, ni kweli, lakini ni mara ngapi nuru ya mpenzi katika tungo zetu imekuwa jina jingine la weupe?

Hata hivyo kulikuwa na wakati ambapo mwanamke aliweza kuvuma bila ya uso wake kupimwa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 katika jamaa ya watu wa chini, alikejeliwa na wapinzani wake kwa sura na kwa asili yake. Alijibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikavuka bahari na kuingia katika nyumba za watu wasiopata kumwona hata siku moja. Chombo kile kilibeba sauti, kikaiacha sura nyumbani. Vyombo vilivyokuja baadaye vimefanya kinyume chake.

Katika miaka ya 1960 magazeti yenye picha na matangazo ya krimu yalikuwa yamekwisha kuenea mijini. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku vilikuwa nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya utamaduni: kwamba mambo hayo ni mabaki ya utumwa wa fikra. Katika hoja hiyo mlikuwa na ukweli, bali tazama mkono ulivyofika. Mwezi ule ule, Kariakoo, vikundi vya vijana viliwavamia wanawake kwa ajili ya mavazi yao. Aliyevaa na aliyejipaka ndiye aliyekamatwa. Aliyetengeneza na aliyeuza hakuonekana njiani.

Wakati krimu zikibishaniwa kama suala la adabu, ushahidi wa madhara yake mwilini ulipatikana kwa jirani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuuvimbisha mwili. Kati yao, 32 walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini haikomi kwenye ngozi. Hupenya, ikakusanyika katika figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu chini ya jua, humgeuzia mtumiaji kibao: mahali alipotaka weupe huota weusi wa kibuluu. Dawa za jamii ya steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, kidonda kikachelewa kupona. Nasi tu watu wa karibu na Ikweta, ambapo rangi ya ngozi ni mwavuli.

Zebaki hiyo ilitoka wapi? Jumuiya ya Ulaya iliikataza katika vipodozi vya watu wake tangu 1976. Hata hivyo viwanda vya huko viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya soko la Afrika, na zikauzwa Tanzania. Marufuku ya kuzisafirisha nje ilikuja 2003. Kwa miaka 27, basi, kilichokuwa sumu kwa mwanamke wa London kilikuwa urembo kwa mwanamke wa Temeke. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki kilitembezwa mbali sana.

Mwaka 1994 ulileta mambo mawili kwa pamoja. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, lakini Bara iliipata mwaka huo, kwa vituo vya watu binafsi. Mwaka huo huo mashindano ya Miss Tanzania, yaliyokuwa yamesimama tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, yalirudi. Baadaye yakashuka hadi mitaani: Miss Kinondoni, Miss Temeke, Miss Sinza, Miss Chang'ombe. Kipimo cha umbo na sura kikafika mlangoni kwa msichana, na leo kimo kiganjani mwake, ndani ya simu inayoweza kumng'arisha kabla hajajipaka chochote. Si kwamba jukwaa hilo halikuwahi kusema jingine. Mwaka 2007, mjini Mexico City, Flaviana Matata alisimama katika Miss Universe kichwa kikiwa kimenyolewa na ngozi ikiwa nyeusi kama alivyoumbwa, akaingia kumi bora.

Watafiti waliozungumza na wanawake 42 wa Dar es Salaam, wakachapisha matokeo yao 2011, walisikia sababu nyingi kuliko ile tuliyozoea kuitaja. Wapo waliotaka kufanana na Wazungu, na wapo waliotaka kumridhisha mume au kuwavutia wanaume. Wapo walioanza kwa chunusi tu. Na wapo waliokuwa wakiendelea kujipaka ili kuficha madhara ya kujipaka. Hawa wa mwisho ndio wanaopaswa kutunyima usingizi, maana kwao kemeo halina maana. Wamo mtegoni, na kila wakijikwamua kamba huzidi kukaza.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya 2003 iliwapa wakaguzi meno, na tangu 2019 kazi ya vipodozi imo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka 2020 kuwa ukomo wa vipodozi vya ngozi vyenye zebaki kupita sehemu moja kwa milioni. Hizi ni hatua njema kuliko ile ya 1968, kwa kuwa zinamtafuta mwuzaji.

Lakini mkaguzi hana uwezo wa kukagua sifa. Shehena inaweza kuteketezwa, na kesho yake shangazi akamwambia binti wa miaka kumi, mbele ya wageni, kwamba dada yake ndiye aliyebahatika rangi. Kabla ya tangazo lolote, soko la mkorogo hufunguliwa na neno hilo. Asiyetaka binti huyo akobolewe na aanze kumsifu akiwa na kiini chake.