Alama ya Biashara na Ndugu Zake: Kutoka Hukumu ya 1879 hadi "Hakuna Matata"

Hataza, hakimiliki na alama ya biashara huhesabiwa kuwa ndugu katika ukoo wa miliki bunifu. Nchini Marekani, hata hivyo, alama iliingia ukooni kwa mlango wa uani. Mwaka 1870 Kongresi iliruhusu alama zisajiliwe, katika sheria ileile iliyopanga upya hataza na hakimiliki. Mwaka 1879 Mahakama ya Juu ilibatilisha usajili huo. Katiba, aliandika Jaji Samuel Miller, inawalinda waandishi na wavumbuzi kwa muda wenye kikomo. Alama haidai uvumbuzi wala kipaji, bali huzaliwa kwa kutumiwa sokoni. Watunga sheria wakalazimika kuegemea mamlaka yao juu ya biashara, na ndiyo yanayoibeba Sheria ya Lanham ya 1946 hadi leo.

Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Hataza hufa, kwa kawaida baada ya miaka 20. Hakimiliki nayo hufa, ingawa kwa kuchelewa. Alama huhuishwa bila ukomo. Pembetatu nyekundu ya watengeneza bia wa Bass, alama ya kwanza katika daftari la Uingereza lililofunguliwa mwaka 1876, ingali imesajiliwa.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, jambo hili lilijitokeza kwa kishindo mwaka 2018, pale wengi walipolalamika kwamba Disney imepora "Hakuna Matata", maneno iliyoyaombea usajili Marekani mwaka 1994 na kuyapata mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Wanasheria walijibu kwamba hakuna aliyekatazwa kuyatamka. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu: haki ile haikudai kwamba Disney iliyabuni maneno hayo, na inaweza kudumu kuliko hakimiliki ya filamu yenyewe.

Aidha, alama hulindwa nchi kwa nchi. Hata ndani ya Jamhuri ya Muungano, Tanzania Bara na Zanzibar zina madaftari mawili, na usajili wa upande mmoja haulindi upande wa pili. Marekani, ombi likishatangazwa katika gazeti rasmi la usajili, mpingaji ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi au kuomba aongezewe muda. Malalamiko ya 2018 yalikuja miaka 15 baada ya usajili.