Tairi za 4x4 Yako Zinaisha Upande Mmoja? Zisome Kabla Uuziwe Mpya

Kama unaendesha Prado, Hilux, Jimny ama Land Cruiser, unajua vile seti moja ya tairi inameza doh. Sasa zikifika nusu ya maisha na upande mmoja ushabaki kipara, fundi atakwambia tu, "Bosi, nunua mpya." Tulia kwanza. Tairi ikilika vibaya huwa imekuachia ujumbe, na usipousoma, hizo mpya nazo zitaenda njia hiyo hiyo.

Anza na macho. Meno ya katikati yameisha na ya kando bado yamesimama? Umekuwa ukijaza upepo kupita kiasi, tairi imefura na inakanyaga barabara na tumbo. Kama kando zote mbili zimelika na katikati iko fiti, umekuwa ukitembea na upepo kidogo. Hii ya pili ndiyo ugonjwa wa wasee wa porini, na mara nyingi mawe hayana makosa. Lami ndiyo inawamaliza.

Cheki hii form. Wikendi mmeshuka Magadi. Mkiingia kwa mchanga mnapunguza upepo hadi PSI 20, ama hata 16, ndio tairi zitandaze na zisizame. Hapo mko sawa kabisa, bora muende polepole. Ngori inaanza Jumapili jioni. Kila mtu amechoka, hakuna aliyebeba kompresa, na mnasema mtajaza mbele. Mnaanza kupanda kuelekea Kiserian, lami safi, spidi imeingia.

Tairi laini kwa spidi hujikunja kila ikizunguka. Inapata joto, na kando ndizo zinabeba uzito. Meno kuisha ni hasara ndogo. Ubavu ukichemka hivyo, nyuzi za ndani zinaweza kuachana bila wewe kuona kitu nje, halafu tairi ikupasukie wiki mbili baadaye ukiwa 100 kwa Mombasa Road na watoto wako nyuma. Ile kompresa ndogo ya kuunganisha na betri si mambo ya masonko, mazee. Beba. Kama hauna, tambaa hadi petroli ya kwanza yenye upepo.

Na ukifika hapo, msee wa upepo atauliza "Ngapi?" Wengi hujibu "35 zote" juu ndiyo namba wamezoea kuskia. Namba yako iko kwa stika, kwa kawaida kwa fremu ya mlango wa dereva, na mara nyingi kuna ya gari tupu na ya gari iliyopakia. Ile imeandikwa kwa ubavu wa tairi ni kiwango cha juu ambacho tairi yenyewe inavumilia, usiifuate. Pima asubuhi kabla gari itembee. Tairi moto inaweza kusoma PSI 4 ama zaidi juu ya kawaida, na ukitoa hizo ukidhani zimezidi, kesho asubuhi uko chini. Nunua kipimo chako pia, vile vya petroli vimeangushwa chini mara nyingi sana.

Kando moja tu ikilika, wachana na upepo. Hapo ni alaimenti, ama kuna kitu kimelegea: boljointi, bushi, beringi. Pitisha kiganja juu ya meno kwenda ndani, kisha kurudi nje. Ikiteleza njia moja na kukukwaruza njia ya pili, magurudumu ya mbele hayaangalii mahali pamoja. Prado ama Hilux iliyoinuliwa bila kufanyiwa alaimenti huwa hivi. Lakini Land Cruiser 70 na Jimny zina ekseli moja nzima mbele, na kwa kawaida haina boliti ya kurekebisha mlalo wa gurudumu. Kinachorekebishwa ni tairodi. Ukitozwa ya mlalo, muulize fundi kwa upole ni boliti gani ameshika.

Mashimo mashimo kuzunguka tairi, na gari inanguruma kwa lami? Angalia shokapu. Murram yenye mawimbi huziua haraka.

Halafu kuna wale huacha gari kwa 4H hadi town. Kwa Hilux nyingi, Jimny na Land Cruiser 70, mbele na nyuma huwa zimefungwa pamoja ukiwa 4H, so kila kona kwa lami kavu lazima tairi fulani iburutwe. Rudisha 2H.

Badilisha nafasi za tairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na spea iingie kwa mzunguko ikiwa ni saizi moja na zingine. Spea nyingi huzeeka mlangoni zikiwa na meno yote. Soma namba nne za mwisho za DOT ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka wa 2019.

Na ukienda kuangalia 4x4 ya mkono wa pili, inama kabla ufungue boneti. Ukipata tairi nne mpya kabisa kwa gari ya miaka 15, uliza zile za zamani zililika upande gani.