Mgeni Aliyebadili Kundi la Damu

Mwaka 2016, miezi michache kabla sijastaafu, alikuja maabara kwetu mwanamume wa makamo kupima kundi la damu. Kadi yake ya zamani, iliyokwisha kulika pembe, ilisema O. Nikadondosha damu yake mara mbili kwenye kigae cheupe: tone moja nikalitia dawa ya bluu, jingine ya njano, nikatikisa. La bluu likakatika vipande vipande kama maziwa yaliyochacha. Hiyo ni A. Nikarudia kwa kigae kingine. A tena. Jasho likaanza kunitoka, maana katika kazi yetu kukosea kundi la damu ni kuua mtu.

“Usihangaike, mzee,” akaniambia. “Hiyo ni damu ya dada yangu.”

Alikuwa ameugua lukemia kali, akaenda India, akapandikizwa uloto wa dada yake. Uloto ndio uboho ule tunaoufyonza kwenye mfupa wa supu; humo zimo seli shina, zinazozaa damu yote mwilini. Lukemia kali huja pale seli changa zinapozaana ovyo bila kukomaa, zikawanyima wenzao nafasi. Nimezitazama miaka mingi kwenye darubini: kubwa, za zambarau, kiini kimejaa karibu seli nzima. Ujanani mwangu, nikiziona kwenye slaidi ya mtu mzima, nilijua majibu ninayoandika ni tanzia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma historia ya tiba hii, na kila nikiisoma nakumbuka methali ya kwetu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mgeni huyu, uloto wa mtu mwingine, alianza kwa kuua. Mwaka 1956 huko Harwell, Uingereza, watafiti Barnes na Loutit waliwapiga mionzi panya wenye lukemia, kisha wakawapa uloto. Waliopewa wa panya wa ukoo wao, ugonjwa uliwarudia. Waliopewa wa ukoo mwingine, lukemia ilitoweka, ila wakadhoofika kwa maradhi mengine hadi wakafa. Jibu zima lilikuwa ndani ya vizimba vile, lakini ilichukua zaidi ya miaka 20 kulithibitisha kwa binadamu.

Katika mji mdogo wa Cooperstown, jimbo la New York, daktari E. Donnall Thomas alichapisha mwaka 1957 habari za wagonjwa sita waliotiwa uloto wa watu wengine kwa njia ya mshipa. Siku 100 hazikupita, wote walikuwa wamefariki. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake wakaeleza habari za wagonjwa waliopewa uloto wa mapacha wao wa kufanana. Uloto ulishika vizuri. Baada ya miezi michache lukemia ikarudi.

Wengi wakakata tamaa katika miaka ya 1960. Thomas akarudi kwenye majaribio ya mbwa, akahamia Seattle mwaka 1963. Pembeni yake alikuwapo mkewe, Dottie, aliyekuwa ameacha masomo ya uandishi wa habari akawa mtu wa maabara. Nakiri nilifurahi kulisoma hilo. Sisi wa maabara hatutajwi mara nyingi.

Kilichofungua mlango ni alama za HLA, zinazoitambulisha seli kuwa ya mwenyeji au ya mgeni, ambazo Mfaransa Jean Dausset alianza kuzitambua mwaka 1958. Kundi la damu si kizuizi kikubwa. Alama hizo ndizo zinazotakiwa kulingana, na kwa ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ni moja kati ya nne. Mwaka 1969 Seattle ikaanza upya kuwapandikiza wagonjwa wa lukemia uloto wa ndugu. Mwaka 1977 wakatoa hesabu: kati ya wagonjwa 100 wa lukemia kali ambao dawa zilikuwa zimeshindwa, 13 walikuwa hai bila ugonjwa. Mtu anaweza kuiona 13 ni ndogo. Mimi niliyeandika tanzia zile naiona kubwa mno. Baadaye wakaanza kupandikiza mapema, dawa zikiwa zimekwisha kuituliza lukemia, na waliopona wakaongezeka.

Mwaka 1979 Seattle ikatambua kile panya wa Harwell walichosema. Wagonjwa ambao uloto mgeni uliwashambulia ngozi, ini na utumbo ndio ambao lukemia iliwarudia kwa nadra. Waliopewa uloto wa pacha wa kufanana ilirudi zaidi. Kumbe mionzi na dawa peke yake hazimalizi kazi. Askari wa damu ya mgeni humwinda adui ambaye askari wa nyumbani wamekwisha kumzoea. Lakini mgeni huyohuyo, asipotulizwa kwa dawa, humgeukia mwenyeji. Ustadi wote wa tiba hii ni kumwachia agombane kiasi. Thomas alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Maabara tunafundishwa kwamba kosa hukatwa kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi. Siku ile nilishika kalamu juu ya kadi kuukuu, mkono ukasita. Ile O haikuwa kosa. Nikamwandikia kadi mpya, A, na ile ya zamani nikamrudishia bila kuigusa.