Jahazi la Songoro na Njia ya Karagwe

Mtu wa mwambao hauzi chombo kikiwa kimelala matopeni. Kwanza hukipandisha pwani kwa maji ya bamvua, akakikwangua kombe na uchafu wa bahari, akakichoma tumbo kwa makuti makavu ili wadudu walao mbao wafe. Kisha hukitia kalafati upya, akakipaka sifa juu na deheni chini. Mnunuzi naye ana ujuzi wake: hugonga mbao kwa kifundo cha kidole, huuliza maji yatekwayo kwa siku, kisha huinama kutazama ngamani. Waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani walikuwa mabaharia kabla ya kuwa wenye hekima. Lakini kuna kitu kimoja kisichoonekana hata ngamani, nacho ni deni. Chombo chaweza kuwa kizima ubao kwa ubao, na bado pakawapo mtu wa tatu mwenye haki ndani yake.

Historia ya bara inatupa mauzo ya namna hiyo, yaliyofanyika mwaka 1877 katika ziwa Nyanza. Waliouziana na aliyedai walikuwa ziwani na visiwani, lakini biashara yenyewe iliihusu pia nchi iliyo mbali na ufuko, isiyokuwa na jahazi hata moja. Nchi hiyo ni Karagwe.

Karagwe ya wakati ule ilikuwa ufalme wa vilima na ng'ombe, ukipakana na mto Kagera, na ndani yake ilikuwamo hii inayoitwa leo wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Vyombo vyake vilikuwa mitumbwi ya mti mmoja, ya kuvushia watu mtoni na kuvulia samaki katika maziwa madogo. Utajiri wake kwa watu wa pwani haukuwa maji bali njia. Msafara uliotoka Unyanyembe kwenda Buganda ulipita kwa miguu katika nchi hii, ukapumzika Kafuro, kituo cha wafanyabiashara karibu na Bweranyange, makao ya mfalme. Ahmed bin Ibrahim, aliyefika Buganda mwaka 1844, alikuwa bado anaishi Kafuro Stanley alipopita mwaka 1876. Nguo, shanga na waya wa shaba zilipanda. Pembe za ndovu zilishuka, na pamoja nazo watumwa. Hilo la watumwa tusilipitie kando kwa kuona haya. Mfalme Rumanyika, aliyempokea Speke mwezi Novemba 1861, alijua vizuri thamani ya kuwa mlangoni mwa njia hiyo.

Huyo Stanley alikuja na mashua. Iliitwa Lady Alice, imeundwa Teddington kando ya mto Thames kwa mbao za mwerezi, ikagawanywa vipande ili ichukuliwe na wapagazi kutoka Bagamoyo. Huko Karagwe aliiunganisha, akaishusha katika ziwa Rweru Rwabishonga, lile ambalo Speke alilibandika jina la Windermere ndogo, ikashindana na mitumbwi ya wenyeji Rumanyika akitazama. Ilikuwa tamasha. Mashua hiyo haikuwa ya kuuzwa. Mwaka uliofuata iliachwa juu ya jabali huko Isangila, karibu na mwisho wa safari ya mto Kongo, mapande yake yakisubiri jua na mvua.

Jahazi la kuuzwa lilikuwa la mtu mwingine. Songoro, ambaye Wazungu humwita mara Mwarabu, mara chotara, na wengine Mswahili, alikuwa akifanya biashara ya pembe na watumwa kusini ya ziwa. Sisi wa mwambao twamtambua mtu wa namna hiyo bila kumuuliza nasaba yake. Makazi yake yalikuwa Kageye, ufukoni mwa Usukuma, na kisiwani Ukerewe. Stanley alimkuta hapo mwaka 1875, tayari na shauri la kuunda jahazi la kusafiri Nyanza. Msomaji apime shauri hilo. Baina ya Kageye na Buganda mna maji matupu. Mwenye chombo chenye tanga angeweza kuiacha njia ndefu ya Karagwe, pamoja na hongo zake na miezi ya kumngoja mfalme atoe ruhusa. Fundi aliyepigilia taruma za jahazi lile Ukerewe alikuwa, bila kujua, akiifungia Kafuro mlango.

Mapema mwaka 1877 wakaja wamisheni wa CMS, wakiwa na mashua yao Daisy, nayo imeletwa kwa vipande kutoka pwani. Haikuwatosha. Wakanunua kwa Songoro chombo alichokuwa akikiunda Ukerewe, hali hakijakamilika. Mwezi Juni Luteni Shergold Smith na mchungaji Wilson walivuka kwenda kwa Kabaka Mutesa, na O'Neill akabaki kisiwani kushughulikia kile chombo kilichonunuliwa. Kwa jicho la fundi, matayarisho yalikwenda sawa. Kwa jicho la mwenye nchi, hayajaanza. Lukonge, mfalme wa Ukerewe, alidai kwamba Songoro hajamlipa haki yake katika chombo kile, basi hakuwa na ruhusa ya kumpa mtu mwingine.

Hapa ndipo ninapoona kwamba waandishi wa misheni wamemtendea Lukonge isivyo haki kwa kumwita mshenzi mwenye kiu ya damu. Dai lake, kama alivyolieleza, ni lile lile ambalo nahodha yeyote wa bandari ya Malindi hapa Unguja angelielewa: mwenye mti hajaridhika, basi muuzaji hana cha kuuza. Wanunuzi walikuwa watu waangalifu, na Smith alikuwa mwanamaji. Bila shaka walijua kukagua mbao. Kauli ya mwenye kisiwa ndiyo iliyowapita.

Mwezi Desemba 1877 ugomvi ukalipuka. Songoro akakimbilia kwa Smith na O'Neill. Lukonge akataka atolewe. Wao wakakataa kumtoa mtu aliyeomba hifadhi. Wakashambuliwa, wakauawa wote watatu, pamoja na watu wengi waliokuwa nao, ambao majina yao hayakuandikwa. Wapagazi, mabaharia na watumwa wa Songoro hawakuuza wala kununua kitu.

Mwaka 1878 Alexander Mackay alikwenda Ukerewe bila silaha, akakaa siku kadhaa na Lukonge, akarudi salama. Mfalme alimweleza kwamba ugomvi wake ulikuwa na Songoro, wala si na Wazungu. Kisha Mackay na Wilson wakasafiri kwa Daisy, na dhoruba ikawatupa kwenye ufuko wa magharibi ya ziwa. Waliikata mashua iliyovunjika, wakaondoa futi 8 za katikati, wakaileta tezi kwenye omo na kuziunganisha. Kazi iliwachukua wiki kadhaa. Chombo kikawa kifupi, lakini kiliwafikisha Buganda.

Na Karagwe? Itakuwa kutia chumvi kusema kwamba iliangushwa na majahazi. Fitina za urithi baada ya Rumanyika ziliwaua wana wa ukoo wake mwenyewe, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe katika nchi hizi zote. Lakini biashara ilikuwa imekwisha kuhama kabla ya hapo. Mitumbwi mikubwa ya Baganda, iliyoshonwa ubao kwa ubao kama mtepe wetu, ilishuka hadi kusini ya ziwa kuchukua bidhaa, na mwaka 1889 Mwanga alirudishwa Buganda kwa chombo cha tanga cha mfanyabiashara Charles Stokes. Hakuna aliyehitaji tena kumngoja mfalme wa Karagwe kwa miezi. Kafuro ikabaki jina katika vitabu vya wasafiri, na mitumbwi ya mti mmoja ikaendelea kuvusha watu Kagera, kwa malipo yanayokubaliwa ukingoni kabla mtu hajatia mguu ndani.