Nuru ya Monet, Masanduku ya Judd

Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, mchoraji wa Ulaya alimalizia kazi zake ndani ya karakana. Rangi ya mafuta ilihifadhiwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe, navyo vilipasuka upesi, hivyo kusafiri nayo kulikuwa taabu. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alipata hataza ya tyubu ya bati, na baada ya muda reli zikawafikisha wachoraji mashambani asubuhi na kuwarudisha Paris jioni.

Wako wanaosema tyubu na reli ndizo zilizozaa Impresheni, mtindo wa kuchora nuru ya papo hapo. Wengine wanataja Saluni, maonyesho rasmi ya Paris, ambayo majaji wake walikataa kazi nyingi za vijana. Naona sababu ya kwanza inaeleza jinsi Claude Monet, mmoja wa waanzilishi wa mtindo huo, alivyoweza kuchora nje. Ya pili inaeleza kwa nini mwaka 1874 yeye na wenzake walifungua maonyesho yao wenyewe.

Kutoka nje kulileta tatizo jipya: nuru haisubiri. Akiwa katika kijiji cha Giverny, mwaka 1890 na 1891, Monet alichora marundo ya mavuno ya shamba jirani, akiacha turubai moja na kuchukua nyingine kila mwanga ulipobadilika. Mei 1891 alionyesha michoro 15 ya marundo hayo kwa pamoja. Kilichotofautisha mmoja na mwingine kilikuwa hasa saa na majira.

Monet alifariki mwaka 1926. Mwaka 1955 Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York lilinunua mchoro wake mkubwa wa mayungiyungi, na Wamarekani wakaanza kumtazama upya. Katika mji huohuo Donald Judd, mchoraji na mhakiki, alikuwa akifikia uamuzi kwamba turubai hudanganya jicho kwa kina kisichokuwapo. Kuanzia 1964 aliwapa mafundi wa chuma vipimo wamtengenezee masanduku. Wahakiki walimwita minimalisti, yaani msanii wa maumbo sahili yasiyo na mapambo, jina ambalo hakulipenda, na hata kuitwa mchongaji hakukumridhisha.

Je, alimrithi Monet? Wote wawili walirudia umbo moja, lakini mmoja alirudia ili aunase wakati, mwingine ili umbo lisimame lenyewe bila kusimulia chochote. Hata hivyo, kati ya 1982 na 1986, huko Marfa, Texas, Judd aliweka masanduku 100 ya alumini katika majengo mawili ya zamani ya kijeshi, akatia madirisha makubwa ubavuni. Vipimo vya nje ni vilevile kwa yote, mgawanyo wa ndani ni tofauti kwa kila moja, na jua huyabadilisha kutwa nzima.

Tena wote walidai mahali pa kudumu. Marundo ya Monet yaliuzwa yakatawanyika, lakini mayungiyungi aliyoipa Ufaransa yana kumbi zake katika jumba la makumbusho la Orangerie, Paris, tangu 1927. Masanduku ya Judd yamebaki Marfa.