Mordor, Comala, Kusadikika: Majina ya Kutisha na Makao ya Hatari

Mwandishi akitaka tupaogope mahali, silaha yake ya kwanza ni jina. Mhusika hajafika bado, usiku haujaingia, maiti haijaonekana, lakini jina limeshatamkwa na msomaji ameshakaa chonjo. Kwa sababu hiyo majina ya mahali katika hadithi yanastahili kusomwa kwa umakini uleule tunaowapa wahusika. Tukiyalinganisha majina ya namna hii kutoka Uingereza, Nigeria, Meksiko na pwani yetu, tunaona kwamba kila jadi inajibu swali moja kwa njia yake: hatari inakaa wapi, na nani mwenye mamlaka ya kuipa jina?

Tuanze na Mordor. J.R.R. Tolkien alichapisha The Lord of the Rings kati ya 1954 na 1955, akiwa profesa wa Oxford aliyebobea katika Kiingereza cha kale na visa vya kaskazini mwa Ulaya. Katika Kisindarini, lugha aliyoibuni mwenyewe, Mordor maana yake ni Nchi Nyeusi. Hata hivyo, Kiingereza cha kale kilikuwa na neno morðor, yaani mauaji, na msomaji wa Kiingereza asiyejua chochote kuhusu Kisindarini bado anayasikia mauaji hayo yakinguruma ndani ya jina. Nchi yenyewe imechorwa kwenye ramani, ikazungushiwa milima pande tatu na kuwekewa lango upande wa kaskazini-magharibi. Uovu una mpaka, una mtawala, na anayetaka kwenda huko anajua siku atakayovuka.

Lakini Tolkien hakutegemea sauti peke yake. Mnara wa Minas Morgul, ambao jina lake lina maana ya uchawi, zamani uliitwa Minas Ithil, mnara wa mwezi uchomozao. Maadui walipouteka, jina likageuka. Mirkwood, msitu wa giza ambao jina lake limechotwa kwenye visa vya kale vya Kinorse, uliitwa Greenwood, msitu wa kijani, kabla ya kivuli kuuingia. Jina la kutisha kwake ni kovu. Linamwambia msafiri kwamba hapa palikuwa pazuri, na kwamba kuna aliyepaharibu.

Katika kijiji cha Waigbo, mambo ni tofauti. Things Fall Apart ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo sisi tuliipokea kwa jina la Hamkani si Shwari Tena kupitia tafsiri ya Clement Ndulute, ina Msitu Mwovu usiohitaji ramani, kwa kuwa kila kijiji kina wake na unafikika kwa miguu. Unoka, baba yake mhusika mkuu Okonkwo, anavimba tumbo na viungo kwa ugonjwa ambao ardhi haiukubali. Anabebwa hadi msituni afie huko, naye anachukua filimbi yake. Pacha wanatiwa katika vyungu na kutupwa humo. Jina la msitu huo halielezi mti wala mnyama. Linaeleza hukumu ya jamii, na kila anayelitamka anaikubali hukumu hiyo upya.

Ndipo wamisionari wanapofika kijiji cha Mbanta na kuomba kiwanja. Wazee wanawapa sehemu ya Msitu Mwovu, wakiamini hawatamaliza siku 4. Siku 4 zinapita, kisha zinatimia wiki 7 za soko, kila moja ya siku 4, yaani siku 28, ambazo ndizo mwisho wa subira ya miungu, na hakuna aliyekufa. Miongoni mwa wanaojiunga na kanisa hilo ni Nneka, mama mjamzito ambaye uzazi wake wote 4 uliotangulia ulikuwa wa pacha, nao wote walitupwa. Achebe hawadhihaki wazee wala hawatukuzi wageni. Anatuonyesha kwamba jina lililolinda utaratibu wa kijiji ndilo lililomponda mama huyu, na kwamba lilipopoteza kitisho chake, utaratibu wenyewe ulianza kulegea.

Wayoruba, wenzao Waigbo nchini Nigeria, wanatoa jibu jingine. D.O. Fagunwa alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa Kiyoruba mwaka 1938, na mwaka 1968 Wole Soyinka akaitafsiri kwa Kiingereza kwa jina la The Forest of a Thousand Daemons. Msitu wa Fagunwa umejaa viumbe wa ajabu na jina lake linawatangaza waziwazi. Hata hivyo Akara-ogun, mwindaji wake, anaingia humo kwa miguu yake mwenyewe, anapigana, anatoka, kisha baadaye anaandamana na wawindaji wenzake kwa agizo la mfalme hadi mlima Langbodo, wakitafuta hekima ya kuifaa nchi yao. Kwa Achebe, mtu hupelekwa msituni na wenzake ili asirudi; kwa Fagunwa, mtu huenda mwenyewe ili arudi amekomaa. Vilevile Frodo wa Tolkien anaingia Mordor kuangamiza kitu, ilhali Akara-ogun anaingia msituni kupata kitu. Jina la kutisha linaweza kuwa kizuizi, na linaweza pia kuwa mwaliko kwa jasiri.

Meksiko inatupa jina lisilotisha hata kidogo. Juan Rulfo, katika Pedro Páramo ya mwaka 1955, aliuita mji wake Comala. Jina hilo linakumbusha comal, kaango bapa la kuokea mikate ya mahindi, chombo cha kila jiko la mashambani kama chuma cha chapati kwetu, na mji wa kweli wenye jina hilo upo katika jimbo la Colima. Juan Preciado anakwenda Comala kumtafuta baba yake kwa sababu mama yake, kabla ya kufa, alimsimulia mji wa kijani wenye harufu nzuri. Anachokikuta ni joto la makaa na sauti zisizo na miili. Polepole anatambua kwamba aliozungumza nao ni wafu, na hatimaye yeye mwenyewe anafia humo. Aliyeuua mji ni baba huyohuyo, mwenye ardhi Pedro Páramo, ambaye baada ya kumpoteza mwanamke aliyempenda alikasirishwa na shamrashamra za watu, akakunja mikono na kuuacha mji ufe njaa. Tolkien alilitia hofu jina kabla hatujafika. Rulfo alitupa jina la jikoni, akaacha hofu ituingie tukiwa tumeshaketi.

Uswahilini tunazo njia zote mbili. Masimulizi ya Unguja na Pemba yanaitaja Giningi kuwa makao ya wachawi, na Mohammed Said Abdulla alilichukua jina hilo kwa riwaya yake Kisima cha Giningi ya mwaka 1968. Kabla ya hapo, mwaka 1960, alikuwa ametoa Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo mauaji yanahusishwa na mzimu unaoheshimiwa na wenyeji. Bwana Msa, mpelelezi wake, ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes, kwa hiyo ni haki kuiweka riwaya hii karibu na The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1901 na 1902. Huko Dartmoor kuna kinamasi cha kubuni kiitwacho Grimpen Mire. Stapleton, mhalifu wa riwaya hiyo, anamficha mbwa wake kwenye kisiwa katikati ya matope hayo, anampaka fosforasi ili ang'ae usiku, na sifa mbaya ya mahali inamlinda asitiliwe shaka.

Waandishi wote wawili wanakubaliana kwamba nyuma ya kitisho kuna binadamu mwenye nia yake. Wanachotofautiana ni hadhi ya mahali penyewe. Grimpen Mire kweli inaua: matope yake yanameza farasi wakiwa hai, na kwa dalili zote yanammeza Stapleton pia. Mzimu haujamwua mtu. Ni mahali pa ibada pa watu wa kale, na mhalifu ndiye anayejificha nyuma ya heshima waliyopapa. Kwa hiyo Bwana Msa anapomfichua muuaji anafanya kazi mbili kwa pamoja: anampata mwenye hatia, na analiondolea jina la mahali tuhuma isiyo yake.

Shaaban Robert alikwenda mbali zaidi na njia ya upole. Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, na jina lake halina giza, damu wala mnyama mkali. Limejengwa kwa kitenzi cha kusadiki, kitenzi cha imani. Ndani yake, wajumbe 6 wametumwa pande zote, hadi juu mbinguni na chini ardhini, kuleta mambo ya kuifaa nchi. Kila anayerudi na habari njema anatiwa gerezani. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu sheria, na riwaya nzima ni utetezi wake mbele ya mfalme. Kitisho cha Kusadikika kiko barazani mchana kweupe, katika maneno ya adabu ya waziri. Wahakiki wengi wameisoma nchi hiyo kama sura ya utawala wa kikoloni ambao mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wake. Mwishoni Karama anashinda na wafungwa wanaachiliwa, jambo ambalo wakazi wa Comala hawakulipata.

Mwaka 1995 Katama Mkangi wa Kenya, mwandishi aliyewahi kuwekwa kizuizini, aliligeuza tena jina la mahali. Katika riwaya yake Walenisi, mhusika mkuu Dzombo anahukumiwa kifo na kurushwa ndani ya chombo kwenda kusikorudika. Anafika nchi ya usawa, na jina lake likikatwa vizuri linasema: wale ni sisi. Mahali alipopelekwa afe ndipo penye uhai, na nchi aliyoiacha ndiyo iliyostahili kuogopwa.

Kinachovutia zaidi ni kalenda. Kusadikika ni ya 1951, Mordor ya 1954, Comala ya 1955, Msitu Mwovu wa Achebe ni wa 1958, na mzimu wa Abdulla ni wa 1960. Katika mwongo mmoja tu, waandishi watano katika mabara matatu walitoa majibu matano. Tolkien aliiweka hatari nchi ya mbali yenye mpaka. Achebe aliiona katika sheria ya kijiji, Rulfo katika nyumba ya baba, Abdulla katika mkono uliojificha nyuma ya imani za watu, na Shaaban Robert katika kiti cha waziri. Mwingereza huyo alihitaji wasomaji wajue adui yuko upande gani, na jina lenye mngurumo lilimfaa. Mswahili aliyeandika chini ya serikali ya kigeni asingeweza kumtaja adui waziwazi, na jina la upole lilimpa nafasi ya kusema yaliyokatazwa. Kila jina lilitosha kwa kazi yake, na hakuna jadi hapa iliyo mwanafunzi wa nyingine.

Kwetu sisi, uzoefu huu unaacha wajibu. Vijana wengi sasa wanaandika bunilizi za ajabu na za kutisha kwa Kiswahili, na ni rahisi kuazima minara myeusi na majina yenye konsonanti nzito. Lakini maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Mngurumo wa Mordor unapoteza nusu ya nguvu zake ukipita midomoni mwetu. Nguvu yetu iko kwingine: katika vitenzi vinavyonyambulika mpaka vikawa nchi, katika majina ya masimulizi kama Giningi ambayo bado hayajachoka, na katika ujuzi wa zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mwandishi anayetafuta jina la mahali pa kuogofya aulize kwanza nani anaumiza watu katika hadithi yake, na anakaa wapi. Akishalijua hilo, achague jina ambalo jibu hilo linalidai.